Mota ya umeme kwenye boti ya kuvulia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wavuvi wanaotaka kufunga mota ya umeme kwenye boti zao, na huja kwa zamu. Kwanza mtu huulizia mota. Baada ya safari mbili tatu hurudi kuulizia betri. Miezi ikipita hurudi tena, safari hii kuulizia waya. Ukiyasoma yote kabla hujanunua, huenda ukajiepusha na hizo safari mbili za kurudi.

Mota ya umeme inachukua nafasi ya injini ya petroli?

Kwa boti nyingi, hapana. Injini ya petroli inakufikisha walipo samaki. Mota ya umeme inakuweka hapo. Kazi yake ni zile za polepole: kukokota chambo kwa mwendo wa mtu anayetembea, kuambaa na matete bila kishindo, kuishikilia boti juu ya mwamba wakati upepo unataka kuiondoa.

Wala si kifaa kipya. Mwaka 1934 O. G. Schmidt wa Fargo, North Dakota, nchini Marekani, alichukua stata ya gari la Ford Model A, akaiunga na shafti na rafadha (propela), akapata kitu cha kusukumia boti. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo ikaitwa Minn Kota, kwa majina ya majimbo mawili yanayopakana pale, Minnesota na North Dakota. Tangu hapo mengi yamebadilika, lakini wazo ni lile lile: mota ndogo iliyozama majini pamoja na rafadha yake, na betri iliyobaki juu.

Wako wanaoitegemea peke yake. Mwenye mtumbwi, mwenye boti ndogo ya mpira, na anayevua kwenye mabwawa ya maji ya kunywa ambako mara nyingi injini za mafuta haziruhusiwi. Kama wewe ni mmoja wao, sehemu ya betri hapa chini isome mara mbili.

Nitahitaji msukumo kiasi gani?

Nguvu ya mota hizi hupimwa kwa paundi za msukumo, hata katika nchi zinazopima kila kitu kingine kwa kilo. Kanuni ya kawaida ni paundi 2 za msukumo kwa kila paundi 100 za uzito. Ukihesabu kwa kilo, chukua paundi 5 kwa kila kilo 100 na umemaliza.

Watu hukosea kwenye neno uzito. Wanachukua uzito wa boti tupu kama ulivyoandikwa na kiwanda. Boti haivui ikiwa tupu. Tuseme boti ina kilo 350, injini ya petroli 60, mafuta, nanga na vikorokoro vingine 70, betri 30, na watu watatu kilo 240. Jumla ni kilo 750, yaani paundi 37 na nusu za msukumo. Mtu akiona hivyo anakimbilia mota ya paundi 40 na kujisifu kwamba hesabu yake imekaa sawa.

Hesabu hiyo imekaa sawa kwenye maji yaliyotulia kama kioo. Sasa ongeza upepo. Boti yenye ubavu mrefu juu ya maji ni tanga hata kama haina tanga, na mkondo nao una lake. Mimi humwambia mtu anunue mota ya alasiri, si ya alfajiri: ile itakayomrudisha upepo ukishaamka. Kwa boti ya kilo 750 ningechukua paundi 55 bila kufikiri mara mbili. Nguvu ya ziada haikugharimu betri usipoitumia; mota ya paundi 55 ikisukuma kwa nusu ya nguvu yake haihangaiki kama mota ya paundi 30 iliyofunguliwa mpaka mwisho.

Msukumo mkubwa maana yake boti itakwenda mbio zaidi?

Hapana. Mota ni ng'ombe wa plau, usiitarajie kukimbia kama farasi. Rafadha zake zimekatwa kwa kusukuma maji mengi polepole, kwa hiyo nyingi huishia mwendo wa kilomita 6 hadi 8 kwa saa, iwe ya paundi 45 au 80. Msukumo ukizidi, boti nzito zaidi itafikia mwendo huo huo, na upepo hautaipokonya.

Wengine hutaka kujua ni sawa na nguvu za farasi ngapi. Mota ya volti 12 inayovuta ampea 50 inatumia wati 600. Nguvu moja ya farasi ni wati 746. Basi hata moja haifiki, na bado inaivuta boti ya watu watatu.

Nichukue ya volti 12, 24 au 36?

Msukumo ndio unaoamua. Mota za volti 12 kwa kawaida huishia karibu na paundi 55. Za volti 24 hufika karibu paundi 80. Za volti 36 huvuka 100. Mpaka huo unatokana na waya: ukitaka kutoa paundi 80 kwa volti 12 utavuta zaidi ya ampea 100, nyaya zitachemka na betri itasaga meno. Volti zikiwa mara mbili, ampea zinapungua nusu kwa kazi ile ile.

Kwa volti 24 unaunga betri mbili za volti 12 kwa mfululizo: chanya ya moja inakwenda kwenye hasi ya nyingine, na ncha mbili zilizobaki ndizo zinazokwenda kwenye mota. Betri hizo ziwe mapacha, yaani aina moja, ukubwa mmoja, umri mmoja. Ukiunga nzee na mpya, nzee itamzeesha mwenzake. Na usiibe volti 12 za taa au pampu kutoka betri moja kati ya hizo mbili. Naona jambo hili likifanywa kila mara, na kila mara matokeo ni yale yale: betri moja inashuka kuliko nyingine, chaja haiwezi kuzisawazisha, na ndani ya msimu mmoja zote mbili ni za kutupa.

Kama boti yako inatosheka na volti 12, baki hapo. Betri moja ni shida moja.

Niifunge omo (mbele) au tezi (nyuma)?

Weka kamba mezani. Isukume kwa nyuma, itajikunja. Ivute kwa mbele, itakufuata. Mota iliyofungwa omo inavuta boti, na boti hufuata. Tena upepo hupenda kuichukua omo kwanza kwa kuwa ndiyo nyepesi, kwa hiyo mota ikiwa hapo inalikamata tatizo lilipoanzia. Kwa anayevua akipita kando ya ukingo au akisimama juu ya mahali pamoja, omo ni bora bila ubishi.

Tezi ina heri zake. Mota ya tezi hukazwa kwa skrubu mbili za kubana, inafungwa na kufunguliwa kwa dakika chache, bei yake ni nafuu, na kwa boti fupi au mtumbwi inatosha kabisa. Kuna wavuvi wanaoitumia kinyumenyume: wanarudi na tezi mbele, na boti ikawa inavutwa badala ya kusukumwa. Si mbinu mbaya, ila mawimbi yakianza utaoga.

Mota ya omo inahitaji sitaha bapa na imara. Usiitegemee fibaglasi nyembamba ishike bolti peke yake. Weka chini yake kipande cha ubao mgumu au bamba la alumini la kusambaza uzito, na utumie bolti za chuma kisichoshika kutu, si skrubu za mbao. Mota ikigonga kisiki, bolti hizo ndizo zinazopokea kipigo.

Shafti iwe na urefu gani?

Pakia boti kama unavyoipakia siku ya kuvua, iweke majini, kisha upime kutoka pale mota itakapokaa hadi usoni mwa maji. Kwa mota ya tezi ongeza karibu sentimita 50 juu ya kipimo hicho. Kwa ya omo ongeza karibu 65, kwa sababu omo hupanda na kushuka na mawimbi kuliko sehemu nyingine yoyote ya boti. Kwa hiyo ukipima sentimita 45 omoni, tafuta shafti ya sentimita 110 au inayozidi kidogo.

Lengo ni sehemu ya juu ya rafadha iwe kama sentimita 30 chini ya maji. Shafti ikiwa fupi, kila wimbi litaitoa rafadha nje, itapiga hewa, itapiga kelele, na boti itaacha kusukumwa. Shafti ndefu kupita kiasi unaweza kuipandisha juu kwenye bano, yaani kile kishikio kinachoifunga mota kwenye boti. Fupi huwezi kuivuta. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua ndefu.

Kuongoza kwa mkono, mguu au rimoti?

Mkono ni rahisi na hauharibiki, lakini mkono mmoja unakuwa umekwenda, nawe ulikuja kuvua. Kanyagio la mguu lenye kebo hujibu papo hapo. Unasikia mota chini ya wayo wako, na wavuvi wengi wa ndoana hawataki kusikia kingine. Kasoro yake ni kusimama kwa mguu mmoja siku nzima. Kanyagio la umeme ni laini zaidi ila hugeuza kwa kuchelewa kidogo.

Halafu kuna mota za rimoti zenye GPS. Ndani ya kichwa chake kuna kipokezi cha satelaiti na dira. Unabonyeza kitufe, na mota inajigeuza na kujisukuma yenyewe ili boti isitoke hapo ilipo. Wavuvi wameshaiita nanga ya GPS. Mahali pa maji marefu, au penye mwamba usiotaka kuutibua kwa nanga ya chuma, ni kitu cha thamani kweli. Itazame kama msaidizi tu: boti bado itacheza ndani ya mita chache, na siku ya upepo mkali mota itakuwa ikifanya kazi bila kupumzika, kwa gharama ya betri.

Onyo moja. Mota ikiwa kwenye hali hiyo, inaweza kuanza kuzunguka wakati wowote bila wewe kugusa kitu. Mtu asishuke majini, hata kunasua ndoana, kabla hujaizima kabisa.

Betri ya gari niliyo nayo nyumbani itafaa?

Itaendesha mota, ndiyo. Kwa siku chache.

Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kuamsha injini, kisha kujazwa mara moja. Mabamba yake ni membamba. Ukiishusha hadi chini mara kwa mara, mabamba hayo yanachakaa upesi mno. Mota ya kuvulia inahitaji betri ya kutoa umeme kwa saa nyingi, yenye mabamba mazito, jamii ile ile inayotumika kwenye mifumo ya sola.

Hapo una njia tatu. Betri ya maji ni ya bei ya chini, lakini inataka kuongezwa maji yaliyokenekwa (distilled water), ikae wima, na ipate hewa kwa sababu hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa. Betri ya AGM ni ya jamii hiyo hiyo ya risasi, ila asidi imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za glasi. Haimwagiki na haihitaji maji. Zote mbili hazipendi kushushwa chini ya nusu. Ya ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaoweza kushika: ampea mara saa) ina uzito wa kilo 27 hadi 30.

Ya tatu ni ya lithiamu, ile ya chuma na fosfati. Ya ampea-saa 100 ina kilo 11 hadi 13 hivi, unaweza kuitumia karibu yote, na volti zake hazishuki polepole kama za risasi. Mota inabaki na nguvu ile ile mpaka mwisho. Huo mwisho ndio wa kuangalia. Betri ya risasi hukuaga, unasikia mota ikichoka. Ya lithiamu ina saketi ya ulinzi ndani, na ikifika chini inakata ghafla. Weka kipimo kinachohesabu ampea-saa zinazotoka, maana volti peke yake haitakwambia kitu. Na isichajiwe ikiwa baridi chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Seli zake huharibika.

Kwa mtu anayevua mara moja kwa mwezi, betri ya risasi iliyotunzwa ni sawa tu. Anayetoka kila wiki, na hasa mwenye volti 24 au 36, uzito peke yake unatosha kumpeleka kwenye lithiamu: betri tatu za risasi ni karibu kilo 90, sawa na abiria wa ziada asiyevua.

Betri itanipa saa ngapi?

Gawanya ampea-saa kwa ampea zinazovutwa. Mota ya volti 12 huvuta karibu ampea moja kwa kila paundi ya msukumo, kwa hiyo ya paundi 55 ikifunguliwa yote inavuta ampea 50 hivi. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 itakupa saa mbili.

Betri ya risasi yenye namba hiyo hiyo haikupi saa mbili. Ile 100 imepimwa kwa kutoa ampea 5 kwa saa 20. Ukiinyonya kwa ampea 50, sehemu kubwa ya umeme haitoki. Utaona saa moja na kidogo, na hapo umeimaliza kabisa. Ukiheshimu ile nusu, ni kama nusu saa.

Kabla hujakata tamaa, kumbuka hakuna anayevua kwa kufungulia yote. Nguvu inayohitajika kusukuma boti majini hupanda karibu kwa mchemraba wa mwendo. Punguza mwendo kwa robo, matumizi yanashuka kwa zaidi ya nusu. Kwa wastani wa ampea 12 lithiamu ile inakwenda saa nane, na ya risasi saa tatu na ushee bila kuvuka nusu. Hii ndiyo sababu mota ya kupandisha mwendo kidogo kidogo inazidi ile ya gia tano: ya kwanza hukatakata umeme kwa vipande vidogo sana na kutoa unaohitajika tu, wakati ya gia tano, kwenye gia za chini, huuchoma umeme wa ziada ukawa joto.

Na anza safari kwa kwenda dhidi ya upepo. Betri ikikuishia, upepo uwe unakuleta nyumbani.

Nina waya uliobaki wa umeme wa nyumba. Unafaa?

Haufai. Waya wa nyumbani mara nyingi una uzi mmoja mgumu. Boti inatikisika, uzi mgumu unachoka na kukatika. Tafuta waya wa nyuzi nyingi nyembamba za shaba iliyopakwa bati, uliotengenezwa kwa matumizi ya majini. Shaba tupu kwenye unyevu hugeuka kijani ndani ya ganda lake, na kwa nje huoni kitu.

Unene nao una hesabu yake. Tuseme betri iko tezi, mota omo, mita 3 kwenda na 3 kurudi, na mota inavuta ampea 50. Kwa waya wa milimita 6 za mraba utapoteza karibu volti 0.9 njiani, yaani wati 44 zinazopasha waya joto tu. Kwa waya wa milimita 16 unapoteza volti 0.33. Mtu aliyenunua mota ya bei na kuifunga kwa waya mwembamba amenunua mota dhaifu, na atailaumu kampuni.

Viungo vyote vibanwe kwa koleo lake maalumu na kufunikwa kwa bomba la plastiki linalosinyaa kwa moto. Kusokota na kuzungushia tepu ni kazi ya dharura, tena ya siku moja.

Sakiti breka ni ya lazima?

Ndiyo. Rafadha ikikwama kwenye nyavu au majani, mota iliyosimama huku ina umeme huvuta ampea nyingi kuliko inapozunguka, na kitu cha kwanza kuungua huenda kikawa waya uliopita chini ya miguu yako, karibu na tangi la petroli. Weka breka ya ampea 50 au 60, kama kitabu cha mota kinavyosema, kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri unavyoweza. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na breka hakina mlinzi, kwa hiyo kiwe kifupi.

Betri ikae wapi?

Tezi tayari kuna injini, mafuta na wewe. Ukiongeza kilo 30 hapo, omo itainuka na upepo utaichezea. Katikati, chini, karibu na mkuku, ndipo penye utulivu. Iwe ndani ya sanduku lenye kifuniko, ifungwe kwa mkanda isiweze kuruka, na nguzo zake zifunikwe ili spana ikianguka isiziunganishe.

Kipima samaki, ile skrini ya kuonyesha samaki walio chini ya boti, kipe betri yake ndogo. Mota inatoa kelele za umeme, nawe utaziona kwenye skrini kama mvua ya madoa usiyojua ni samaki au ni nini. Waya wa kihisi chake pia usiulaze sambamba na waya wa mota. Vikilazimika kupishana, vipishane kwa msalaba.

Kuchaji: kuna la kujua?

Betri ya risasi ichajiwe jioni ile ile uliporudi. Ikilala na njaa, fuwele za salfati hugandamana kwenye mabamba, na kila siku inayopita ni sehemu ya betri isiyorudi. Chaja ya ampea 10 kwa betri ya ampea-saa 100 inatosha kwa usiku mmoja. Volti baada ya betri kupumzika saa kadhaa hukuonyesha hali yake: 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu hivi.

Lithiamu itumie chaja yenye mpangilio wake, nayo ukiihifadhi kwa miezi iache karibu nusu, si imejaa. Injini ya petroli haitakusaidia sana: injini nyingi ndogo, hata zikiwa na altaneta, hutoa ampea 6 hadi 12 tu, na safari ya dakika 20 hairudishi ulichotumia asubuhi nzima.

Naweza kuitumia kwenye maji ya chumvi?

Ile iliyotengenezwa kwa hayo, ndiyo. Ina rangi na mihuri imara zaidi, na kipande cha zinki karibu na rafadha kinacholiwa na kutu kwa niaba ya mota. Zinki hiyo usiipake rangi. Ikipakwa haifanyi kazi. Ikiliwa hadi nusu, badilisha. Suuza mota kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) kila unaporudi, na isilale majini. Mota ya maji baridi ukiipeleka baharini mara moja moja haitakufa siku hiyo, ila dhamana yake huenda imekufa.

Kelele yake inawafukuza samaki?

Mlio wa taratibu usiobadilika, sidhani. Kinachowashtua, kwa nilivyoona kwenye maji mafupi, ni kuwasha na kuzima, kuwasha na kuzima. Iache izunguke polepole kuliko kuipiga kwa vishindo. Na bano linalogonga sitaha ni baya kuliko mota yenyewe.

Matunzo yake ni yapi?

Mshipi. Kila safari mbili tatu fungua nati ya rafadha, toa rafadha, utazame nyuma yake. Mshipi wa nailoni ukijisokota hapo hukata muhuri wa shafti kidogo kidogo, maji yanaingia kwenye mota, na fundi anapoifungua hukuta kutu badala ya sumaku. Ukiwa hapo tazama na pini inayopita kwenye shafti. Imeundwa ivunjike yenyewe rafadha ikigonga jiwe, ili vingine vipone. Pini mbili za akiba, nati na spana yake vikae kwenye boti siku zote. Mengine ni kufuta vumbi.

Mota yangu ilikuwa na nguvu, sasa inajivuta. Imekufa?

Mara nyingi si mota. Mimi mwenyewe niliwahi kununua betri mpya, kisha ya pili, kabla sijagundua kwamba nati moja kwenye nguzo ya hasi ilikuwa imeshika ukungu mweupe chini yake. Siku hizi naanza na mkono: endesha mota kwa nguvu dakika mbili, zima, kisha gusa kila kiungo kimoja kimoja kwa tahadhari. Kinachochoma ndicho mbaya wako. Kisha pima volti kwenye mota ikiwa inafanya kazi, kwa sababu betri mbovu ikipumzika husema uongo vizuri sana. Baada ya hapo ndipo uishuku mota.

Ya mitumba je?

Nunua, lakini uione ikizunguka ndani ya pipa la maji. Sikiliza mkwaruzo. Shika rafadha uitikise. Ikicheza kwenda pembeni, beringi imechoka. Tazama shafti kwa kuilaza juu ya meza bapa. Muuzaji asiyekubali kuiweka kwenye maji, muage kwa heshima.

Kuna sheria?

Sehemu nyingi, boti yenye mota ya umeme huhesabiwa kuwa chombo chenye injini, pamoja na usajili na taa za usiku zinazoambatana nayo. Waulize wasimamizi wa maji unayovulia kabla, hasa kwenye mabwawa na hifadhi.

Nini kingine nibebe?

Jaketi la kuokolea ulivae, lisiwe mto wa kukalia. Kafi, hata kama betri imejaa. Kabla ya kuwasha injini ya petroli, pandisha mota, ufunge lachi yake na mkanda juu yake. Mota ya omo ikianguka majini boti ikiwa kwenye mwendo, itang'oka na kipande cha sitaha. Na kama ni ya tezi, ifunge kwa kamba fupi kwenye pete ya boti. Zile skrubu mbili za kubana hulegea kwa mtikisiko, na waya wa betri hautaizuia isizame.